Wanawake wenzangu wanasita kuniunga mkono nigombee bodi ya AMCOS. Nianzie wapi?

Swali

Shikamoo mama. Mimi ni mkulima wa korosho wilayani Tandahimba, nina miaka 39 na watoto wanne. Kwa miaka sita nimekuwa katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa chenye wanawake 27. Chama chetu cha msingi cha ushirika wa mazao (AMCOS) kitachagua bodi mpya hivi karibuni, na katika bodi iliyopo hakuna mwanamke hata mmoja. Nataka kugombea, na mume wangu hana neno. Wanaonivunja moyo ni wanawake wenzangu. Nilipowaeleza kikundini, mmoja alisema nikipata cheo nitawasahau, mwingine akauliza nani ataandika vitabu ilhali mkopo wa halmashauri haujaisha, na wengine walinyamaza. Mama mkwe wangu anasema uongozi wa korosho ni wa wanaume. Tena nasikia yupo mwanamke wa kitongoji cha pili anayetaka kugombea, na watu wanasema tutagawana kura. Je, ni kweli kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke? Nianzie wapi?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale uliposema kwamba wengine walinyamaza. Kabla hatujaingia katika habari ya uadui, naomba ujibu swali moja ambalo barua yako haikuligusa: kati ya wanawake 27 wa kikundi chenu, ni wangapi ambao majina yao yamo katika daftari la wanachama wa AMCOS? Sisemi wangapi wanalima korosho, maana hao ni wote. Nauliza wangapi ni wanachama wenye hisa, ambao karani akisoma majina siku ya mkutano mkuu wataitika. Inawezekana kabisa kwamba ulikuwa unawaomba wenzako kura ambayo hawanayo, na mtu akiombwa asichokuwa nacho mara nyingi hunyamaza.

Hili nalisema kwa uchungu wa mtu aliyejifunza kwa kukosea. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii na mafunzo ya ushirika katika mikoa ya Mtwara na Lindi kwa zaidi ya miaka 20, na miaka ya mwanzo nilialikwa katika kijiji kimoja cha uwanda wa juu wa Makonde kuwafundisha wanawake juu ya uongozi. Nilikaa nao siku mbili. Tulizungumza juu ya kujiamini, juu ya kusimama mbele ya watu, juu ya kuungana mkono, na tuliachana kwa nderemo na vigelegele. Wiki iliyofuata nilikwenda kuuona mkutano mkuu wa chama chao. Meza ilikuwa mlangoni mwa ghala, karani akisoma majina na kuweka alama kwa kalamu nyekundu, na wanawake niliowafundisha walikuja kwa wingi wakiwa wamevaa khanga za sare. Walioingia walikuwa wanne. Waliobaki walikaa nje chini ya mkorosho na watoto wao migongoni, wakisikiliza sauti kupitia dirisha la ghala, na mgombea wao alishindwa wakiwa umbali wa hatua kumi kutoka mahali kura zilipohesabiwa. Nilikuwa nimewafundisha somo kuanzia katikati.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 imejengwa juu ya kanuni ya zamani ya ushirika, kwamba mwanachama mmoja ana kura moja, awe na mikorosho 50 au 5,000. Ni kanuni nzuri sana kwa mtu mnyonge, lakini inamlinda tu aliye ndani ya daftari. Kwetu huku kusini kaya nzima hufanya kazi ya korosho na jina linaloandikwa ni moja. Mwanamke ndiye anayeokota, anayetenganisha korosho na bibo, anayeanika, anayechambua zilizooza, na mara nyingi ndiye anayepeleka gunia ghalani kichwani. Stakabadhi inaandikwa jina la mume, fedha baada ya mnada zinaingia katika akaunti ya mume, na pembejeo za ruzuku, salfa na viuatilifu vingine, zinagawiwa kwa kufuata majina ya wakulima waliosajiliwa. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi korosho ghalani, akapewa karatasi na kusubiri zinadiwe, ulipoanza kutumika katika korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, karatasi imekuwa na nguvu kuliko jasho. Mimi siulaumu mfumo huo, kwa kuwa umewaokoa wakulima wengi na walanguzi, lakini yapasa tuone jinsi unavyomwacha nje mtu ambaye hakuandikwa.

Kwa hiyo uanzie kwenye daftari, tena uanze mapema, si wiki ya uchaguzi. Nenda ofisini uombe kusoma masharti ya chama chenu, kwa kuwa ni haki ya mwanachama kuyasoma, na kama wewe mwenyewe bado hujawa mwanachama kwa jina lako, hilo ndilo jambo la kwanza kabisa. Angalia kiingilio ni kiasi gani, hisa moja ni shilingi ngapi, maombi hupitishwa na nani, na kama kuna muda ambao mtu lazima awe mwanachama kabla ya kupiga kura au kugombea. Usikubali kuambiwa tu kwa mdomo. Masharti hutofautiana chama na chama, na Afisa Ushirika wa halmashauri yenu anawajibika kukueleza pale usipoelewa.

Utasikia wakisema, "Lakini shamba ni la baba, mama ataandikishwa kwa mikorosho ipi?" Hapo kuna njia mbili. Kaya ambayo mume hana neno, kama yako, inaweza kukubaliana sehemu ya shamba isajiliwe kwa jina la mke. Na wapo wanawake wengi wa Kimakonde, Kimwera na Kiyao walio na mashamba ya upande wa mama zao, ambayo wamezoea kuyaita ya kaya kwa sababu mume ndiye anayekwenda ghalani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya wote wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 60, inachukulia kwamba mali iliyoandikwa jina la mwanandoa mmoja ni yake peke yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyoandikwa majina ya wote wawili ni yao kwa usawa. Ninayataja haya ili ujue kwamba jina kwenye karatasi si jambo dogo la kiofisi, wala mume anayekubali kuligawana hajapoteza heshima yake.

Kisha linakuja jambo ambalo kikundi chenu kinaweza kulifanya bila kumsubiri mtu yeyote. Mnalo kasha. Fedha inayotunzwa humo imewatoa watu katika misiba, ada za shule na mabati ya nyumba. Kwa nini isitoe mikopo midogo ya kununulia hisa za AMCOS? Wekeni azimio kikundini, liandikwe, kwamba kila mwezi wanachama wawili au watatu watakopeshwa kiasi cha kiingilio na hisa, na watarejesha baada ya mauzo ya msimu. Nimeona kikundi kimoja kikifanya hivyo kwa misimu miwili, polepole, bila kelele wala mkutano wa hadhara. Siku walipoingia ghalani karani alilazimika kugeuza ukurasa baada ya ukurasa akitafuta majina ya kike, na yote yalikuwemo. Huko ndiko kuungana mkono ninakokuamini mimi, kunakoweza kuhesabiwa kwa shilingi na kwa majina.

Sasa tuje kwenye uadui. Msemo huo kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke mimi siukubali, na ninaomba na wewe uache kuusema hata kwa masikitiko, kwa sababu kila unaposemwa unamwondolea msemaji kazi ya kuuliza sababu. Wenzako walikupa sababu. Ziangalie moja moja.

Aliyesema utawasahau hakuwa anakutukana. Anazungumza kutokana na aliyoyaona. Karibu kila kijiji kina kisa cha mtu aliyepandishwa kwa kura za wenzake, mwanamume au mwanamke, akaonekana tena uchaguzi uliofuata. Dawa yake si kuapa. Dawa yake ni kuwapa wenzako kamba ya kukuvutia. Waambie kwamba baada ya kila mkutano wa chama utasimama siku ya kikundi na kueleza yaliyoamuliwa, yale ambayo mwanachama ana haki ya kuyajua, na kwamba ukikosa mara mbili bila udhuru utatozwa faini kama anayechelewa kuleta hisa zake za akiba kikundini. Watacheka, lakini wataiandika, na faini ya kikundi inaumiza kuliko ahadi ya jukwaani.

Na uwaulize: mkiwa na mtu wenu ndani ya bodi, mnataka alete hoja gani? Hapa ndipo ningependa ukae nao kwa muda mrefu, hata vikao vitatu, kwa sababu mwanamke anayegombea kwa hoja ya "na sisi tuwemo" huchoka mapema, na anayegombea kwa hoja ya jambo linalowauma watu hubebwa na jambo hilo. Kwa yale niliyoyasikia katika vijiji vingi, sishangai kama watataja kangomba. Wanaume wengi wakizungumzia kangomba huzungumzia uhalifu: mlanguzi anayenunua korosho kwa kibaba nyuma ya nyumba, kinyume cha utaratibu, na mgambo wa kumkamata. Wanawake hukizungumzia kibaba chenyewe. Wanajua ni siku gani mtu anakubali kuuza kwa bei ya kutupwa: siku mtoto anapopandwa na homa usiku na hakuna hata elfu tano ndani, au shule inapodai daftari na sare wakati mnada wa kwanza haujafanyika, au mnada umeshapita na malipo yamekawia na duka limekataa kukopesha tena. Anayeuza kibaba hicho mara nyingi ni mama, kwa siri, na akijulikana anaaibishwa kama msaliti wa ushirika. Bodi isiyokuwa na mtu anayejua habari hiyo kutoka jikoni itaendelea kuagiza doria. Bodi yenye mtu kama wewe inaweza kuuliza kwa nini malipo yanachelewa, mzigo umekwama hatua ipi, kati ya ghala la chama, ghala kuu, mnada na benki, na je, chama kinaweza kushirikiana na vikundi vya akiba ili mwanachama apate mkopo mdogo wa dharura kwa dhamana ya korosho yake iliyokwisha kupimwa.

Hoja ya pili itakuwa makato. Chukua karatasi ya malipo ya msimu uliopita ya mwanachama mmoja aliye tayari, mwende nayo kikundini, mpigie hesabu pamoja: bei ya mnada kwa kilo, ushuru wa chama cha msingi, ushuru wa chama kikuu, ambacho kwenu ni TANECU, ushuru wa halmashauri, usafirishaji, ghala, magunia, na mwisho kilichomfikia mkulima. Wewe ni katibu wa miaka sita. Hesabu ya riba na mgao wa mwisho wa mwaka umeifanya mbele ya macho ya kikundi kizima yanayokuangalia mkono, huku funguo za kasha zikiwa kwa watu watatu tofauti. Watu wengi waliokaa katika bodi hawajawahi kufanya hesabu katika mazingira magumu namna hiyo. Mwanamke anayeweza kusimama katika mkutano mkuu akaeleza makato kwa kilo moja, polepole, hadi mzee wa mwisho kwenye benchi akaelewa, hahitaji kuomba aaminiwe.

Aliyeuliza nani ataandika vitabu ameuliza swali la kiongozi, na nakushauri umpe yeye mwenyewe kalamu. Mkopo wa halmashauri unatoka katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, na kundi zima linaujibia. Ana haki ya kuogopa. Kuanzia wiki hii yeye na msichana mmoja aliyemaliza kidato cha nne wakae pembeni yako kila siku ya hisa. Mwezi wa kwanza watazame, mwezi wa pili waandike na wewe utazame, mwezi wa tatu usiende na kalamu. Usipofanya hivyo, kikundi kitakuombea ushindwe kwa nia njema kabisa.

Kuhusu walionyamaza, nimekwisha kutaja kukosa uanachama. Sababu nyingine ni muda. Mikutano ya vyama vyetu huitwa saa nne asubuhi, huanza saa sita, na mambo makubwa, kama ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa, na uchaguzi, mara nyingi hufika alasiri, wakati ambao mwanamke mwenye kaya anahesabu kwamba maji hayajatekwa na moto haujawashwa. Nimeona kura zikipungua namna hiyo, si kwa chuki, bali kwa ndoo. Basi pangeni siku ya mkutano kama mnavyopanga siku ya harusi. Nyote 27 mjue nani hatakwenda kwa sababu si mwanachama bado, na huyo, pamoja na wenzake, ndio watakaopika chungu kimoja kikubwa na kuangalia watoto wa wanaokwenda. Anayepika siku hiyo amepiga kura kwa mikono yake, na inafaa atambuliwe hivyo kikundini.

Usidhani kwamba hili la kutumia vikundi tulivyo navyo ni jambo jipya au dogo. Mwaka 1955, TANU ilipokuwa inatafuta namna ya kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Yeye na wenzake walipita kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, ambao tayari walikuwa na watu, michango na utii wa wenzao, na kupitia kwao wanawake wengi walichukua kadi za chama. Mtandao uliokuwapo kwa ajili ya kucheza na kuzikana ukabeba nchi kuelekea Uhuru. Kikundi chenu kina kasha, daftari na siku maalumu ya kukutana, zaidi ya walivyokuwa navyo wengi wa akina mama hao.

Kuhusu yule mwanamke wa kitongoji cha pili, nakuomba uende kwake mwenyewe, nyumbani kwake, kabla maneno hayajakufikisheni pabaya. Ninasema uende wewe, usitume mtu. Bodi ya chama ni ya watu kadhaa, si kiti kimoja, na hakuna kanuni inayosema kiti cha mwanamke ni kimoja. Wanaume saba wanapogombea hatusikii mtu akisema watagawana kura. Maneno hayo hutolewa wakiwa wawili tu na wote ni wanawake, na kwa bahati mbaya sisi wenyewe huyapokea kama hesabu ya kweli. Ulizeni mapema kura zitapigwaje, mjumbe mmoja mmoja au kwa orodha, kisha mkubaliane. Yeye azungumze na watu wa kitongoji chake juu yake na juu yako, na wewe ufanye vivyo hivyo. Kama itatokea kwamba kweli nafasi iliyobaki ni moja, basi mnaweza kupatana nani atangulie na nani ajiandae kwa uchaguzi ujao, lakini mapatano hayo yafanywe na ninyi wawili kwa hiari, si na wazee waliowaitia jambo lingine. Zaidi ya hayo, ukiwa mwanamke peke yako ndani ya bodi utayahitaji sana macho mawili mengine.

Nitakueleza kwa nini. Mara nyingi mwanamke mmoja kwenye kikao hutoa wazo, kikao kinapita juu yake kama upepo, na baada ya nusu saa mjumbe mwingine analirudia na linapokelewa kwa makofi. Mkiwa wawili, wa pili husema papo hapo, "Mwenyekiti, naunga mkono hoja ya mjumbe aliyetangulia, na naomba iingie katika muhtasari kwa jina lake." Sentensi hiyo moja nimeiona ikibadilisha kikao. Muhtasari usomwe kikao kinachofuata kabla ya kuthibitishwa, na kama hoja yako haimo, simama useme haimo. Wanawake walio katika serikali ya kijiji watakusaidia kujifunza haya, kwa kuwa sheria imeweka kwamba wasipungue robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji, na katika baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba watatu wawe wanawake. Wapo waliokalia viti hivyo kwa miaka mingi wakijifunza kwa maumivu namna kikao kinavyoendeshwa, na hakuna aliyewahi kuwaomba wamfundishe mwingine. Mtafute mmoja wao, umwombe akuketishe kitako jioni mbili tatu.

Jihadhari pia na sifa. Watakwambia wanawake ni waaminifu, kwa hiyo uwe mtunza hazina. Ni kazi ya heshima, na kama unaitaka uichukue, lakini nimeona wanawake wengi wakikabidhiwa ufunguo wa fedha ambazo matumizi yake yameamuliwa na wengine, na mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, alipokuja, wao ndio walioulizwa. Kabla ya kupokea ufunguo, hakikisha una sauti katika kuamua kinachotoka, na usitie saini karatasi ambayo hujaisoma, hata gari liwe limewashwa linakusubiri.

Na yatakuja maneno juu ya tabia yako, hasa zitakapoanza safari za vikao na mafunzo ya kulala nje. Hili linawaumiza wanawake kuliko kushindwa uchaguzi, na ndilo eneo ambalo wanawake wenzako wana nguvu kuliko sheria yoyote. Kubalianeni kikundini kwamba hakuna atakayebeba neno kama hilo kutoka kisimani hadi nyumbani. Atakayelisikia alizime pale pale kwa kusema anajua ulikwenda wapi na kwa kazi gani. Pale inapowezekana, safiri na mwanamke mwingine. Na kama mtu yeyote mwenye madaraka atakuwekea sharti la mwili ili akupitishe jina, ajira au nafasi, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mahali pa kuipeleka ni TAKUKURU. Mweleze pia mumeo mapema kwamba maneno yatakuja, ayasikie kwanza kutoka kwako.

Nimemwacha mama mkwe wako mwisho kwa sababu nadhani ndiye mtu muhimu kuliko wote uliowataja. Anasema uongozi wa korosho ni wa wanaume. Mwambie kwa adabu kwamba Bodi ya Korosho Tanzania, inayosimamia zao hili nchi nzima, imewahi kuongozwa kwa miaka kadhaa na mwanamke, Mama Anna Abdallah, na kwamba jimbo la Mtwara Vijijini lilimchagua Hawa Ghasia kuwa mbunge mwaka 2005. Lakini usitegemee sana mifano hiyo, kwa kuwa watu wakubwa wako mbali, na yeye anakuogopea wewe unayelala nyumba ya jirani.

Mama wa umri wake huku kwetu, mara nyingi, amekwisha kusimamia unyago. Amewahi kuamua siku, kugawa kazi, kupatanisha koo mbili zilizogombana juu ya michango, kumnyamazisha mlevi mbele ya kadamnasi, na kutunza siri za wasichana ambao leo wana wajukuu. Hakuna aliyemwambia kwamba kufanya vile ni uongozi, wala mtu hajawahi kumwomba autumie ujuzi huo mahali pengine. Usiende kwake kumweleza umeamua nini. Nenda jioni, umsalimie, ukae kwenye mkeka wake, umwombe akufundishe namna alivyokuwa akiwanyamazisha watu waliokuwa wanazungumza kwa pamoja, maana mkutano wa AMCOS una kelele hizo hizo. Akikufundisha, mwombe na jambo la pili: kwamba kama jina lake limo katika daftari, au likiingia kwa hisa ambayo kikundi kitamkopesha, siku ya uchaguzi mfuatane hadi ghalani, na akae nawe benchi la mbele.